Shahidi wangu mwenyewe

Jamani mie nimechoka. Toka Makorora mpaka sokoni nakwenda kwa miguu, jua la Tanga mnalijua, leseni wamekaa nayo wao, na aliyenimaliza wala si trafiki wala si hakimu, ni shahidi wangu mwenyewe, tena niliyemlipia bajaji mie.

Siku yenyewe natoka Muheza na kirikuu ya shemeji, mzigo nishashusha, njiani nikapita kwa mgema wangu nikagonga kata mbili za mnazi. Haya, nne. Kufika Pongwe trafiki kanipiga mkono. Namuuliza afande kosa nini, mwendo? Ananijibu, mzee mwendo wako hauna kosa, ila baiskeli tatu zimekupita na moja imebeba gunia la mkaa. Sasa hilo nalo kosa? Mji huu wa baiskeli, zisinipite zimpite nani?

Puliza hapa. Nikapuliza, kideude kikalia.

Nikajitia ujanja, afande hiyo ni dawa ya kusukutulia meno ndo inasoma. Kumbe hiyo keshaisikia mara mia! Kasema sawa, ya mdomoni inaisha dakika 15, kaa hapo kwenye jiwe tupime tena. Nikakaa, nikamwita kijana mwenye dele la kahawa, nikanywa chungu vikombe vinne na tangawizi nikatafuna juu yake. Kipimo cha pili kikasoma kikubwa kuliko cha kwanza. Binti wa jirani ni nesi, ndo baadaye ananieleza eti muda ule mnazi ulikuwa bado unaingia kwenye damu, na kahawa haitoi pombe, inayotoa ni ini, nalo lina mwendo wake halikimbizwi, kahawa inakufanya uwe mlevi asiye na usingizi basi. Sasa si ungesema mapema mwanangu.

Ya dhamana siyasemi, shemeji mpaka leo salamu anaitikia kwa pua.

Barazani kwetu kila mtu wakili. Mmoja ananambia ukisomewa shtaka wewe sema si kweli, mengine mwachie Mungu. Mwingine kaja na sheria yake ya usalama barabarani ya mwaka 1973, eti mpaka uvuke miligramu 80 kwenye mililita 100 za damu, kwa hiyo waambie mnazi hauna miligramu, mnazi unapimwa kwa kata. Nikaona hawa watanifunga. Nikapata yangu: si wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji? Na mie yule mzee nimemsifu miaka sita, asubuhi na jioni, kama namsomea kasida! Basi nilichokunywa pale ni maji. Nikamwomba aje aseme hivyo tu, neno moja, arudi zake minazini.

Siku ya kesi kaja na kanzu. Nyuma wateja wake wamejaa benchi mbili, wamekuja kuniangalia mie. Nikasimama, nikamuuliza, mzee, tembo lako huwa unalitia maji, kweli si kweli?

Kageuka nyuma, kawaona wateja. Kavimba!

"Mheshimiwa, toka nianze kupanda mnazi sijatia hata tone. La asubuhi tamu, mtoto anakunywa, lakini likifika jioni linamkalisha mtu chini. Na huyu alikuja jioni."

Mpaka karani kainamia karatasi mabega yanamcheza. Nikasema basi mzee inatosha, kaa. Wapi!

"Na hizo nne anazosema ni zile alizolipa. Alikunywa saba. Tatu namdai."

Faini nimelipa. Jana nikapita kwake angalau nimpe maneno yake, nakuta foleni imetoka mpaka barabarani, watu wanataka lile tembo la mahakamani, na mie mwenye kesi naambiwa nipange mstari, na kukopa hakuna tena.