Padre Joubert wa Fizi: mfiadini au mhanga wa vita?

Agosti 18, 2024, mjini Uvira, mashariki mwa Kongo, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wenyeheri, hatua ya kabla ya utakatifu, watu wanne waliouawa siku moja, Novemba 28, 1964, huko Baraka na Fizi. Watatu walikuwa Waitaliano wa Shirika la Waksaveri: Padre Luigi Carrara, Padre Giovanni Didonè na Bruda Vittorio Faccin. Wa nne ni Padre Albert Joubert, na kwangu yeye ndiye anayeutia mjadala huu uzito.

Wenye shaka kwamba wanne hawa walikufa kwa ajili ya imani wana hoja nzito. Ili mtu aitwe mfiadini, Kanisa hudai ithibitike kwamba muuaji alisukumwa na chuki dhidi ya imani. Waasi wa Simba, waliokuwa wakipigana na serikali ya Kongo, walisukumwa na mengi: Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, alikuwa ameuawa mwaka 1961, na matunda ya uhuru yalikuwa mikononi mwa wachache. Kisha Novemba 24, 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji, wakibebwa na ndege za Marekani, walishuka Stanleyville, Kisangani ya leo, iliyokuwa ngome ya waasi. Siku nne baadaye ndipo damu ilipomwagika Baraka na Fizi. Je, Waitaliano wale waliuawa kwa sababu ya altare au kwa sababu ya ngozi?

Joubert haingii kirahisi katika jibu lolote. Alizaliwa mwaka 1908 huko Mrumbi, kando ya Ziwa Tanganyika, mama yake akiwa Mwafrika. Baba yake, Kapteni Joubert, Mfaransa, alikuja kuzilinda misheni kwa bunduki dhidi ya wafanyabiashara ya watumwa. Albert alipata upadre mwaka 1935. Hakuwa mgeni aliyechelewa kufunga virago. Kwao kulikuwa huko huko. Mwenye shaka atajibu kwamba damu ya kapteni wa kizungu ilitosha kumponza, na sina namna ya kulipangua hilo lote.

Lakini tutazame walivyokufa. Baraka, Faccin alipigwa risasi kwanza. Carrara, aliyekuwa akiungamisha, alitakiwa aondoke na waasi. Akaomba afe pamoja na mwenzake, akapiga magoti kando ya maiti. Jioni wauaji wakafika Fizi, na Didonè akafanya ishara ya msalaba mbele ya mtutu, kabla zamu haijamfikia Joubert. Naam, hayo yanaonyesha moyo wa waliokufa kuliko wa waliowaua. Hata hivyo, Desemba 1 mwaka huo huo, huko Isiro, afisa wa Simba alimuua Sista Anuarite Nengapeta, Mkongomani mweusi, aliyekataa kuvunja nadhiri yake kwa ajili ya matakwa ya afisa huyo. Kwake rangi haielezi chochote.

Kwa hiyo naukubali uamuzi wa Kanisa. Chuki mbili zinaweza kukaa katika kidole kimoja cha kufyatulia risasi, na ile ya siasa haiifuti ile ya imani. Nisichokikubali ni mahubiri yanayowageuza Simba kuwa mashetani waliotokea porini, kama vile Lumumba hakuwahi kuuawa. Vijana wengi wa Kongo walikufa upande huo pia, wakiamini maji ya dawa ya Mulele, kiongozi wa uasi, yangegeuza risasi kuwa maji. Wauaji wa Joubert walitoka katika kundi lilelile, na wasifu wake ukiwataja bila kueleza walikotoka, haujakamilika.