Fanani, Hadhira na Suruali Yangu

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma. Naomba hilo ulishike, tutalihitaji mbele.

Shule niliiachia kidato cha pili. Nikiwa na watoto wawili na upara, nikajiandikisha masomo ya jioni kwenye chuo kimoja cha maendeleo ya wananchi, vile vyuo vilivyoanzishwa 1975 kwa ajili ya watu wazima kama sisi. Fasihi niliiona mteremko. Mtu wa Tanga mimi, nani wa kunitisha kwa Kiswahili? Nilikuwa sijakutana na fani na maudhui.

Mwalimu akatutuma uwandani. "Fasihi simulizi haikai daftarini. Tafuteni fanani, yaani msanii anayesimulia au kuimba, mrekodi, mje mchambue."

Jumamosi nikachukua bodaboda hadi kijiji kimoja upande wa Mvumi, kwa babu mmoja anayesifika kwa zeze. Wagogo na zeze usiwatanie. Mwanamuziki wao, marehemu Hukwe Zawose, alitembea nalo mpaka Ulaya. Wakati nashuka nikasikia "chwaa!" Nikajua ni tawi la mgunga.

"Mbukwenyi!" nikasalimu. Kigogo changu kikaishia hapo. Babu akanipa kigoda, nikakataa: mtafiti hakai. Nikawa namzunguka na simu, mara kulia, mara kushoto, mara nimeinama nipate sauti ya nyuzi vizuri. Babu akanitazama kwa makini, akavuta upinde, akaimba. Akina mama waliokuwa wakipura uwele wakaacha mitwango, wakaitikia huku wamekumbatiana kwa kicheko. Mtoto mmoja akagaragara vumbini. Nikaandika: *hadhira ni hai na shirikishi*.

Kurudi, konda wa daladala akamwinua kijana: "Mpishe mzee akae, haraka!" Nikasema moyoni, kumbe daftari kwapani lina heshima hivi.

Jumatatu nikasimama mbele ya darasa, simu kwenye spika. Nikachambua kweli kweli. Dhamira: ushujaa. Takriri: neno moja limerudiwa mara 11, bila shaka jina la shujaa wa kale. Ubeti wa mwisho, maombolezo.

Nyuma kulikuwa na mama wa Kigogo, muuza zabibu. Kajifunika khanga hadi kichwani, mabega yanatetemeka.

"Mama, una swali?" mwalimu akamuuliza.

"Sina, mwalimu. Ila huyo shujaa ni suruali."

Ikabidi atafsiri. Mgeni katoka mjini na dirisha nyuma. Akizunguka, dirisha linazunguka naye. Akiinama, jua linaingia. Na yale maombolezo? Babu anauliza ni fundi gani kamshonea mgeni huyu, ili wajukuu zake wasije wakampelekea nguo.

Nilikuwa nimeishona mwenyewe. Mke wangu aliifua Jumapili na hakusema neno. Nyumbani kwa fundi, suruali iliyochanika ni kama unga kwa msaga mashine.

Mwalimu alifuta machozi, akasema katika miaka yake yote ya kufundisha hajapata mfano bora wa utungaji wa papo kwa papo. Akanipa 17 kwa 20. Tatu alikata kwa sababu sikutaja mandhari.

Nikatoka nimevimba kichwa kwa hizo 17. Nikapanda daladala, nikakaa, nauli mkononi. Ndipo nikamkumbuka yule konda.