Umbo la simu lina bei gani?

Juzi fundi wa Kariakoo aliifungua simu yangu mbele yangu. Kioo kilikuwa kimepasuka. Akakipasha moto, akakibandua kwa kadi ya plastiki, akaanza kupanga vitu kwenye kitambaa: betri, bodi, kamera, spika, skrubu ndogo kuliko punje ya mtama. Nikajikuta nawaza kesi ya Apple na Samsung.

Apple ilifungua kesi hiyo California Aprili 2011, ikiishtaki Samsung kwa kuiga iPhone. Agosti 2012, jopo la raia tisa mjini San Jose likaitaka Samsung ilipe dola bilioni 1.05. Kati ya hataza zilizogombewa, yaani haki za kisheria za mbunifu kuzuia wengine wasiige kazi yake, zilikuwamo za umbo tu: uso wa kioo wenye kona za mviringo, na aikoni za rangi zilizopangwa safu kwa safu.

Kwamba Samsung ilichungulia daftari la jirani, sibishi. Mahakamani ilitolewa ripoti yao ya ndani ya mwaka 2010, kurasa 132, ikilinganisha simu yao na iPhone jambo kwa jambo. Ukikutwa na karatasi kama ile, wakili wako abaki kufuta miwani. Ugomvi wangu mimi ni bei.

Sheria ya Marekani inamtaka aliyeiga umbo lenye hataza atoe faida yote ya bidhaa. Si faida ya kona, yote. Na chanzo chake ni mazulia! Miaka ya 1880, wenye viwanda wa Philadelphia, akina Dobson, walishtakiwa kwa kuiga michoro ya mazulia ya wenzao. Mahakama ya Juu ikaona wenye michoro hawakuthibitisha ni faida ipi hasa iliyoletwa na mchoro, ikawapa senti sita. Bunge likaona hiyo ni dhihaka, na mwaka 1887 likaweka kanuni ya faida yote.

Kwa zulia naielewa. Hata khanga, hakuna anayeinunua kwa sababu ya uzi. Ananunua mji, pindo na jina. Ukiiga mji wa khanga ya mwenzako, umechukua khanga nzima. Lakini simu? Ile bodi pale kwenye kitambaa haina kona ya mviringo hata moja, na bila hiyo simu ni kigae.

Samsung ilikata rufaa, na Desemba 2016 majaji wote wanane wa Mahakama ya Juu walikubali kwamba "bidhaa" inaweza kuwa kipande tu cha simu. Kipimo cha kukipata kipande hicho hawakukitoa. Fedha ya umbo iliyokuwa ikigombewa wakati huo ilikuwa dola milioni 399. Kesi ikarudi San Jose, na Mei 2018 jopo jipya likatamka milioni 539: kama milioni 533 kwa umbo, na milioni 5 hivi kwa hataza za namna kioo kinavyoitikia kidole. Yaani Samsung ilishinda rufaa ikarudi na deni kubwa zaidi, na kazi ya wahandisi ikathaminiwa chini ya sehemu moja ya mia ya sura. Mwezi uliofuata wakapatana.

Lipo na la nyumbani na ugenini. Agosti 2013 serikali ya Obama ilitengua marufuku ya kuingiza iPhone 4 Marekani ambayo Samsung ilikuwa imeipata. Oktoba, marufuku ya Apple dhidi ya simu za Samsung ikaachwa ipite. Sababu ilikuwapo, na ni nzito: hataza ile ya Samsung ilihusu viwango vya mawasiliano ambavyo kila mtengenezaji hana budi kuvitumia. Ila kamweleze hivyo mtu wa Seoul, kwao Samsung, uone kama atakusikiliza hadi mwisho.

Fundi alipokuwa anarudisha skrubu nikamuuliza, katika vyote hivi, umbo ni shilingi ngapi.

"Umbo si ndiyo kava hili, kaka? Elfu kumi na tano, na kufunga nakufungia bure."

Nikaliangalia. Kona zote nne za mviringo.