Pakiti ya ORS au maji ya sukari na chumvi ya nyumbani?

Kila kipindupindu kinapoibuka, ubishi ule ule hurudi: mama afundishwe kuchanganya sukari na chumvi mwenyewe, au aambiwe atafute pakiti ya ORS, yaani chumvi na glukosi zilizokwisha kupimwa za kuchanganya na maji ili kumrudishia maji anayeharisha, na si kingine? Pande zote mbili zina hoja nzito, na ili kuzipima lazima tuingie ndani ya utumbo mwembamba.

Ukuta wake umetandwa safu moja ya seli za epithelia, zimebanana kama vigae. Upande wa damu, kila seli ina pampu zinazotoa ioni (chembe zenye chaji ya umeme) 3 za sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, na kuingiza 2 za potasiamu, bila kupumzika. Kwa hiyo ndani ya seli sodiamu huwa haba, na iliyoko utumboni iko tayari kuingia muda wote. Lakini mlango mmoja, uitwao SGLT1, hauipitishi peke yake: ioni 2 za sodiamu huingia zikiwa na molekuli 1 ya glukosi, aina ya sukari. Zikishapita, maji huzifuata. Mwanabiokemia Robert Crane aliueleza ushirika huo wa sukari na sodiamu mjini Prague mwaka 1960.

Sumu ya kipindupindu hufungua njia nyingine, ya kloridi, sehemu ya pili ya chumvi. Kloridi humwagikia utumboni, sodiamu na maji nyuma yake, na mtu mzima anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa. Ila ule mlango wa sukari na sodiamu sumu hiyo haiuharibu. Ndiyo maana mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis alipoishiwa dripu aliwanywesha wagonjwa maji yenye glukosi na chumvi, na vifo vikashuka kutoka takriban 30% hadi chini ya 4%.

Watetezi wa pakiti wanasema vipimo si jambo la kukisia. Tangu 2002, ORS ya WHO na UNICEF ina milimoli (kipimo cha idadi ya chembe) 75 za sodiamu na 75 za glukosi kwa lita, pamoja na potasiamu na sitrati ambazo mchanganyiko wa jikoni hauna. Chumvi ikizidi, sodiamu hupanda katika damu na mtoto anaweza kupata degedege. Sukari ikizidi, hubaki utumboni ikivuta maji kutoka mwilini, na kuharisha kunaongezeka. Soda haifai kwa sababu hiyo. Hata madafu, tunayoyaamini sana huku Pwani, yana potasiamu tele lakini sodiamu kidogo mno.

Watetezi wa jiko nao wanauliza: mtoto akianza kuharisha saa nane usiku, duka la dawa limefungwa, tufanyeje? Vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita 1 ya maji safi si uganga wa kubahatisha. Kimeng'enya, yaani protini ya kumeng'enya chakula, kilichoko juu ya seli zile zile huikata sukari ya mezani kuwa glukosi na fruktosi, na gramu 25 hivi hutoa glukosi karibu sawa na ya pakiti. Bangladesh, shirika la maendeleo la BRAC lilipita nyumba kwa nyumba miaka ya 1980 likafundisha kaya zaidi ya milioni 12.

Mimi naegemea upande wa jiko, kama daraja la kumfikisha mgonjwa kwenye pakiti au zahanati. Na sikubali kwamba pakiti inaondoa makosa. Pakiti ya lita 1 ikimiminwa kwenye glasi moja ya maji, chumvi imezidi vile vile. Ikigawanywa kwa kukadiria ili ibaki ya kesho, kipimo kimepotea. Hatari iko kwenye maji yasiyopimwa, na hilo pande zote mbili hulipitia juu juu.

Kwa hiyo anayefundisha aende na chupa ya lita 1, kijiko cha chai na kisu cha kusawazishia kijiko. Mama achanganye kwa mkono wake, kisha aonje kabla ya kumpa mtoto. Yakiwa na chumvi kuliko machozi, ayamwage aanze upya.