Moyo wa sandukuni ni kazi ya fundi

Ile video ya moyo unaodunda ndani ya sanduku imefika mpaka kwenye grupu la ukoo wetu, na majibu mnayajua. Mmoja kaandika kiyama kimekaribia, mwengine kamwaga emoji za kulia, na ami yangu wa Kibokoni, mwenye jibu la kila jambo, akafunga mjadala: "Madaktari wa Kizungu hawana mpaka."

Niwie radhi ami, lakini madaktari gani?

Kudunda kwenyewe si ajabu. Moyo una umeme wake, muulize yeyote aliyewahi kusimama machinjioni. Mjerumani Oskar Langendorff aliuweka moyo wa mnyama nje ya mwili ukaendelea kupiga, na huo ulikuwa mwaka 1895. Shughuli ni kuutoa kwa marehemu na kuufikisha mzima kwa mgonjwa atakayepandikizwa. Ukiuweka kwenye barafu una kama saa 4, basi. Daktari Christiaan Barnard alipofanya upandikizaji wa kwanza wa moyo wa mtu kwa mtu, Cape Town mwaka 1967, mtoaji na mgonjwa walikuwa hospitali moja.

Sanduku limeongeza muda. Pampu inasukuma damu ya mtoaji, oksijeni inatiwa, joto linawekwa karibu na la mwili, kisha damu inapimwa laktiki, asidi inayozidi moyo ukikosa oksijeni, ili ijulikane moyo unashiba au unaumia. Sydney, mwaka 2014, mioyo iliyokuwa imeshasimama iliamshwa humo ikapandikizwa watu. Wapo wengine wanaoulaza moyo kwenye baridi ya nyuzi 8 na kuulisha taratibu bila kudunda. Sasa niambieni: pampu, mipira ya kupitishia damu, presha, kuhakikisha povu la hewa halipenyi kwenye mshipa, hiyo ni kazi ya nani kama si fundi?

Na fundi kwetu ni nani? Ni yule tunayempigia kelele "we fundi!" na kumpunguzia bei. Mwaka jana nilimpeleka mamangu kupimwa moyo hospitali moja hapa mjini Mombasa. Mashine ipo, imefunikwa leso. Muuguzi akaifunua tuone: waya umekatika pale unapoingilia, umezungushiwa plasta ya kidonda. "Twangoja fundi kutoka Nairobi." Waya! Na Mwembe Tayari kuna vijana wanaunga nyaya za simu nyembamba kama unywele, wameinamia lenzi tangu asubuhi, na hakuna aliyewahi kuwauliza kama wangependa kusomeshwa mashine za hospitali.

Haya, najua sanduku lile ni ghali mno, na sisi hata mtoto mwenye tundu la moyo tunamchangishia harambee. Nakubali, shingo upande. Suala la dini nawaachia masheikh.

Lakini hata tukipewa sanduku hilo bure, mwaka wa pili litafunikwa leso. Wakubwa wakija tena kukata utepe wa mashine mpya, mtu mmoja tu anyooshe mkono aulize: fundi wake ni nani, na analipwa na nani?