Kutu haifunikwi na fila jamani

Kuna kitu kinaniudhi kwa sisi wapenda magari ya zamani na ntakisema tu hata kama mafundi bodi watanuna. Mtu ananunua gari la miaka ya 60 au 70, anaona vipele viwili vitatu vya rangi juu ya tairi la nyuma, anakwangua na msasa, anapaka fila (ule uji mzito wa kuzibia na kusawazisha bodi, ukikauka unakuwa mgumu), anapuliza rangi, anapiga picha, kwisha habari. Eti limetengenezwa. Limetengenezwa wapi, si umelivisha nguo tu.

Nasema hivi sababu mi mwenyewe nilishafanya huo ujinga. Gari langu la kwanza la zamani lilikuwa na kipele kimoja chini ya mlango wa dereva, ukubwa wa kifungo cha shati, nikakisugua nikaziba, ikatoka safi mpaka nikawa najisifu. Mwaka haujaisha kikarudi na wenzake watano. Safari hii nikachukua bisibisi nikagusa tu, sikusukuma jamani, nikagusa, ikazama mpaka kwenye mpini na ndani ukamwagika unga mwekundu na matope makavu yaliyokaa humo sijui toka lini.

Ndo nikaelewa kutu ya mlango inaanzia ndani inakuja nje, yaani ukiona rangi imevimba ujue upande wa pili bati lilishaliwa zamani, na kutu huwa inajaa kuliko chuma ilichokula ndo maana inainua rangi. Mvua ikinyesha maji yanapita pembeni ya kioo yanashuka ndani ya mlango, hilo ni kawaida, mlango una vitundu chini vya kuyatoa. Vikizibwa na matope, au na fundi aliyepaka fila mpaka kwenye vitundu (nimeshamkuta huyo), mlango unageuka ndoo. Na fila yenyewe ina unga wa talki, inanyonya unyevu, sasa ukiipaka juu ya kutu ni kama umefunga kidonda na kitambaa kibichi.

Sisemi fila itupwe. Milimita 2 au 3 juu ya bati zima lililosafishwa, kusawazisha tu, hapo inafanya kazi yake vizuri.

Ila bati likishaoza kata, na usikate kwa huruma. Watu wanaogopa sababu katundu ka kifungo kanakuwa tundu la kiganja, lakini ukiacha hata ukingo mdogo uliooza moto wa kuchomelea unaula na tundu linazidi kukua, kwa hiyo kata mpaka ufike bati linalong'aa. Kiraka kiwe na unene uleule, kona zake uzizungushe, na kikae ukingo kwa ukingo badala ya kulalia juu, maana kikilalia pale katikati maji yanapata chumba. Halafu choma nukta nukta, moja huku nyingine kule mwisho, acha ipoe, rudi tena. Mi niliona uvivu nikavuta mstari mmoja mrefu, mlango ukapinda ukawa na mawimbi kama bati la paa, nikarudia kazi yote.

Ile sehemu ya chini ya milango pale unapokanyaga ukiingia ndo ya kuogopa kweli. Gari lisilo na chasi ya peke yake, yaani fremu ya chuma ya chini inayobeba bodi, linabebwa na hiyo, ukiikata bila kuliegemeza vizuri na kuchomelea fito za muda kwenye uwazi wa mlango, bodi inashuka kidogo tu, milango ndo haifungi tena.

Najua kuna wanaosema kwanini uhangaike, nunua mlango mpya mzima. Kama ni fenda (lile bati la juu ya tairi) ya kufungua na bolti na imekwisha kabisa, sawa, sibishani. Ila paneli la zamani lilishazoeana na jirani zake, ukileta jipya la kuiga mara nyingi unashinda siku nzima unalilazimisha likae.

Mlango wangu sasa una kiraka, kwa ndani nimejaza nta ya kuzuia kutu na vitundu viko wazi. Rangi haijalingana vizuri, ukisimama upande wa jua unaiona. Jana nimegonga mlango wa abiria na kidole, chini kule unalia kama kadibodi, kwahiyo wikiendi grainda inatoka tena.