Oksijeni ipo, haifiki tu kidoleni
Kuna mwandishi anasema wagonjwa wa skleroderma, ugonjwa wa kinga ya mwili unaokakamaza ngozi, hupata vidonda vya vidole kwa sababu damu yao ina oksijeni kidogo, kwa hiyo wapewe mtungi wa oksijeni. Hapo sikubaliani naye. Dada yangu anaugua ugonjwa huu, tuko Njombe, na mapafu yake mpaka sasa ni mazima. Oksijeni anayo, shida ni kufika kwenye ncha za vidole, maana kuta za mishipa midogo ya damu zimenenepa kwa ndani, na ubaridi kidogo tu unaibana kabisa. Akigusa maji ya asubuhi vidole vinakuwa vyeupe, halafu bluu, vikianza kupata joto vinaiva wekundu na kuuma. Kidonda chenyewe ukikiona ni kidogo kama punje ya mtama, lakini usiku hakimpi usingizi. Kuna siku kile kibanio cha kupimia oksijeni kilisoma chini mno kidoleni, watu wakaanza kukimbizana na mtungi. Nesi mmoja mzoefu akaleta cha kubana sikioni, kikasoma kawaida. Kilichomsaidia ni nifedipini, ile ile ya presha, pamoja na glavu na kuacha kufua kwa maji baridi. Bosentani, dawa nyingine ya kutanua mishipa ya damu, hupunguza vidonda vipya, ila haiharakishi kupona kwa vilivyopo, na bei yake tuiache. Wenye mapafu yaliyokakamaa huenda wakahitaji oksijeni, hiyo ni habari nyingine. Kuna yeyote humu aliyetundikiwa dripu ya iloprosti, nayo ni dawa ya kutanua mishipa, hapa nchini? Aliipatia wapi?